Nikiwa Edani, Tulikwenda Kuona Nyota

Mume wangu aliniacha kwa simu. Nilikuwa Mombasa na mamangu, aliyekuwa akitibiwa macho, na daktari alikuwa ametuongezea siku. Mume wangu alitaka nirudi. Nikamwambia siwezi kumwacha mama na bendeji machoni katika nyumba ya watu. Akapandisha sauti, nami nikamkatia. Akapiga tena. Nilipopokea alilisema neno lile mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha akakata yeye. Nilibaki nimesimama kwenye ukumbi wa hospitali, watu wakinipita na dawa zao mkononi, nikijiuliza kama nimesikia sawasawa.

Kwetu Mkomani, mtaa wa Lamu, binti akiolewa hupewa nyumba na wazazi wake, au sehemu ya nyumba, na mume ndiye ahamiaye. Kwa hivyo niliporudi Lamu hakuna aliyenitoa mahali. Mamangu alirudi chini kwake, mimi nikapanda juu kwangu, nikakuta upande mmoja wa kabati uko wazi. Mume wangu alikuwa ameshahamia kwa dadake, mtaa wa Langoni, na watoto nikaletewa kutoka huko. Kila asubuhi alivuka kwa boti kwenda Mokowe, upande wa bara, ambako husimamia ghala la saruji na mabati, na jioni akirudi hakupita mtaa wetu.

Talaka ilikuwa moja, talaka rejea. Maadamu mwanamke yumo ndani ya eda, mumewe aweza kumrejea kwa neno tu, bila nikaha mpya. Eda ikiisha, mlango huo umefungwa; akimtaka tena itabidi apose upya, atoe mahari, na mwanamke aulizwe. Haya nilifundishwa chuoni nikiwa msichana, nikayakariri kama nilivyokariri mengine, bila kudhani kwamba siku moja nitakaa kitandani nikihesabu twahara zangu baada ya hedhi, mpaka zitimie tatu.

Watoto tuliwaambia kwamba Baba ana kazi nyingi. Binti yangu alikuwa darasa la tatu, na mdogo wake wa kiume alikuwa ndiyo kwanza ameanza nasari. Huyu mdogo aliamini. Binti hakuuliza kitu, nami nikajidanganya kwamba ameamini pia.

Kabla ya hayo yote, baba yao alikuwa amewaahidi jambo. Shuleni walikuwa wametangaziwa kwamba watu wa makumbusho ya sayansi watakuja kutoka bara na vyombo vyao, wavipange Ngomeni, katika boma la zamani la mji, na watoto waje na wazazi wao. Kulikuwa na hema ambalo ukiingia ndani waona nyota mchana. Tangu siku ile mwanangu mdogo hakuwa na habari nyingine ila hema. Siku zilipofika, mume wangu alimpigia mamangu simu. Kwangu hakupiga.

"Asema atawapeleka wana Jumamosi," mamangu aliniambia. "Na ataka nawe uwepo, mdogo yuwasumbua."

"Nitaendaje, Mama, na mimi ni mtu wa eda? Watu watasema nini?"

Mamangu alikuwa bado amevaa miwani myeusi ya daktari. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Eda ya mume hai si eda ya kufiwa. Na aliyekwambia uende ni yeye mwenyewe. Enda, mwanangu. Wana wasione ndia imefungwa."

Nilivaa buibui na ninja usoni, nikawashika watoto mikono, tukatoka. Mume wangu alikuwa akitungoja mbele ya Ngome. Mdogo alimrukia shingoni. Mimi nilitoa salamu, naye akaitikia, kisha akasema, "Hujambo, Bi," kama anavyowasalimu wanawake wanaokuja kuulizia bei ya mabati. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniita hivyo. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vibaya, kola imekunjamana upande mmoja. Nikaudhika kwamba nimeiona.

Ndani kulikuwa na watoto wengi na kelele nyingi. Katika vyumba vya pembeni walikuwa wamepanga vioo vilivyopinda, ukisimama mbele yake waonekana mnene kama pipa au mrefu kama mnazi, na mifupa ya mtu ya plastiki, na ndoo za povu la sabuni. Mdogo alikimbia huku na huku akimvuta babake. Alicheka hata akashikwa na kwikwi. Binti yangu alitembea karibu nami, akisoma kila kibao kilichobandikwa ukutani, mpaka mwisho. Nilikuwa nikiwaona wanawake ninaowajua wakitutazama. Mmoja alinibana mkono akaninong'oneza, "Alhamdulillahi, mmepatana?" Nikajifanya sikumsikia.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha umeme. Palikuwa na mpira mkubwa wa chuma juu ya kigingi, na msichana kutoka bara, mchangamfu, aliyekuwa akiwaeleza watu. Alisema tukishikana mikono mmoja baada ya mwingine, wa kwanza akagusa mpira, mshtuko mdogo utapita kwa kila mmoja wetu mpaka kwa wa mwisho. Haudhuru, alisema, ni kama kuumwa na siafu.

"Haya, hii familia hapa," akasema, akituonyesha. "Baba mbele, Mama nyuma yake, halafu watoto. Shikaneni mikono!"

Mume wangu alisogea mbele. Mimi sikusogea. Katika hali ile, mkono wake haukuwa halali yangu, wala wangu haukuwa wake, mpaka aseme neno. Yeye alijua na mimi nilijua. Msichana yule angejuaje?

"Mama, shika mkono wa Baba," alisema akicheka. "Ama mnaoneana haya?"

Watu wakacheka. Niliuingiza mkono wangu ndani ya buibui. "Mimi naogopa umeme," nikasema.

Mume wangu alikuwa ameunyosha wake nusu. Akaurudisha, akaupangusa kwenye suruali. Hapo binti yangu alitoka kando yangu, akaenda akasimama baina yetu. Akamshika babake kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akaniletea mimi.

"Mimi nitakaa katikati," alimwambia yule msichana. "Mama amshike mdogo."

Tukashikana hivyo. Umeme ukapita. Mdogo alipiga ukelele wa furaha, akataka tena. Mimi nilikuwa nikimtazama binti yangu, jinsi alivyotuachia mikono wote wawili mara tu mchezo ulipokwisha.

Hema la nyota lilikuwa uani. Lilikuwa jeusi, la mviringo, limevimbishwa kwa feni, na uliingia kwa kuinama katika mlango kama handaki. Ndani palitandikwa mikeka. Giza lilikuwa zito mno. Mdogo, aliyeliota hema lile kwa siku nyingi, aliingiwa na hofu mlangoni akamng'ang'ania babake. Tulikaa mahali palipobaki: mume wangu na mtoto mapajani, mimi nyuma ya bega lake kidogo, binti mbele yetu. Kisha nyota zikatokea juu, nyingi kuliko zile tunazoziona hata umeme wa mji ukikatika. Sauti kutoka kwenye spika ikawa inaeleza kuhusu nyota zilizo mbali, kwamba mwanga tunaouona ulitoka huko zamani kabla hatujazaliwa.

Mume wangu aligeuza kichwa. "Eda yako imefika wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Niliendelea kutazama nyota.

"Nakuuliza. Bado umo edani?"

Katika jambo hili mwanamke ndiye aaminiwaye. Hakuna shahidi wala kipimo, asemalo ndilo. Ningesema imekwisha, basi ingekuwa imekwisha, naye angelazimika kutoka pale na kwenda kutafuta wazee waje kuniposa. Nilijua pia ni haramu kuficha. Nilikaa gizani na jibu mdomoni. Nakiri nilikuwa nimemkumbuka. Nilikuwa nimeikumbuka hata harufu ya saruji kwenye nywele zake, na mara nyingi baada ya sala nilikuwa nimemwomba Mungu amlainishe moyo arudi. Sasa alikuwa amerudi, na nilichosikia kifuani kilikuwa hasira, hasira ambayo hata siku ile ya simu sikuisikia.

"Bado," nikasema. "Imebaki kidogo."

"Basi nimekurejea."

Wakati huohuo kimondo kilipita juu ya hema kutoka upande hadi upande, na watu wote wakasema "Aaah!" wakapiga makofi.

Nilikuwa mke wake tena. Alitafuta mkono wangu akaupata juu ya mkeka, akaushika, nami sikuwa na sababu ya kuuondoa. Niliuacha ukae hapo. Mdogo aliuliza kama nyota zaweza kutuangukia, na babake akamjibu kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "La, mwanangu, ziko mbali."

Tulipotoka jua lilituumiza macho. Mume wangu alikuwa mwepesi, mwenye maneno. Alitununulia viazi vya karai na maji ya ndimu, tukakaa kivulini karibu na soko, watoto baina yetu. Punda wawili walikuwa wakishushwa mawe ya kujengea mbele yetu.

"Nina habari njema," aliwaambia watoto. "Leo Baba atalala nyumbani."

"Kazi imekwisha?" mdogo akauliza, mdomo umejaa.

"Imekwisha."

Binti yangu aliweka kiazi chake chini. "Haikuwa kazi," akasema.

Babake akaacha kutafuna.

"Shuleni waliniambia. Waliniambia mamako ameachwa." Hakulia. Alisema kama anayetaja jambo alilolisoma kwenye vile vibao. Kisha akanigeukia. "Mama, wewe wataka arudi?"

Mume wangu alinitazama. Mdogo naye akanitazama, kwa kuwa wote walikuwa wamenitazama. Kila jibu la kweli lingemtia mmoja wao uchungu, nikamsogezea binti sahani yake.

"Kula," nikamwambia. "Viazi vyapoa."

Hakula. Alimpa mdogo wake sahani yake yote.

Mamangu alipopata habari alifurahi hata akalia chini ya miwani yake. Alifukiza udi nyumba nzima. Mume wangu alikwenda kuwaambia watu wawili msikitini wawe mashahidi, na baada ya sala ya magharibi akaja na mkoba wake wa nguo. "Karibu, mwanangu, nyumbani ni kwako," mamangu alimwambia mlangoni, na nilipolisikia neno hilo, katika nyumba niliyopewa mimi, nilikwenda jikoni nikajishughulisha na mchuzi uliokuwa hauhitaji kitu.

Siku ya pili nilikuwa juu darini, kwenye paa la wazi, naanika nguo. Alinifuata. Alichukua kibanio akanipa, akachukua kingine.

"Huna furaha," akasema.

"Uliniacha bila kuniuliza," nikamwambia, "na umenirejea bila kuniuliza."

"Sheria haikutaka nikuulize."

"Naijua sheria. Haikukutaka uniulize, lakini haikukukataza."

Alikizungusha kibanio vidoleni. "Ningekuuliza, ungesema la?"

"Sijui."

"Sasa?"

"Nakwambia kweli, sijui. Ungeniuliza ningejua."

Aliketi juu ya ukingo wa ukuta. Aliniambia kwamba siku ile ya simu alikuwa ameshinda na watoto peke yake, mdogo ana homa, akaogopa, na woga ukamtoka kwa namna ile. Hakuwahi kunieleza. Nami nilikuwa sijui kwamba mtoto aliumwa, hakuna aliyenitajia. Nilimsikitikia. Lakini nilimwambia kwamba neno lililomtoka mara moja laweza kumtoka tena, na kwamba sasa zimebaki talaka mbili, na mimi siwezi kuishi nikiulinda ulimi wake. Akasema hatalitamka tena. Nikamwambia asiape. Akanisaidia kuanika shuka.

Tumekaa tangu hapo. Hatugombani kama zamani, na hilo si jambo jema kama linavyosikika. Zamani nilipokasirika nilisema. Siku hizi huyapima maneno kwanza, huona yapi yanaweza kufika wapi, na mengi huyarudisha. Yeye pia amekuwa mwangalifu. Huja mapema kutoka Mokowe, huuliza habari za mamangu, na akitaka jambo huanza kwa kusema, "Wewe waonaje?" Mara nyingine namjibu. Mara nyingine nasema lolote lile, kwa sababu kuulizwa kumenijia nikiwa nimechoka.

Binti yangu ndiye aliyechukua muda mrefu zaidi. Alimwamkia babake kwa adabu, alimletea maji ya kunawa, lakini hakuketi karibu naye. Jioni moja alikuwa akihangaika na hesabu za kuzidisha, nami nilikuwa nikisonga ugali. Babake alimwambia alete atazame. Alimletea daftari, akabaki amesimama. Mume wangu alikokotoa, akakosea.

"Hapa umesahau kubeba," binti akasema.

"Wapi?"

"Hapa, Baba." Akaketi ili amwonyeshe kwa kidole.

Niliendelea kusonga. Nilimsikia akimweleza tangu mwanzo, polepole, kama mwalimu wake anavyomweleza, na babake akiitikia, "Ehe. Ehe. Kisha?" Sikujua kama nimefurahi. Niliwaita waje kula.