Sufuria Yenye Masizi

Mama yangu alinifundisha kwamba mwanamke anajulikana kwa makalio ya sufuria yake. Aisugue kwa majivu na mchanga mpaka ajione uso, kisha aianike uani majirani waione. Nikalishika hilo kama sala. Kumbe siku moja lingeniponza.

Nilikuwa mchemsha chai wa ushirika wa mafundi bati kule Gerezani, hatua chache kutoka soko la Kariakoo. Ilikuwa miaka ya foleni: mafuta ya taa leo yapo, kesho hayapo, na mkaa ndiyo usiseme. Tukaambiwa tujitegemee, basi mafundi wetu wakatengeneza jiko la jua. Sanduku la mbao, ndani bati lililopakwa rangi nyeusi, juu kioo. Lilipendeza, wallahi! Ila kupika lilikuwa halipiki.

Wiki mbili nzima maharage yaliingia asubuhi yakiwa kokoto, jioni yakatoka kokoto. Mafundi wakabishana: mara kioo chembamba, mara mbao mbichi. Na kila anayepita anafunua kuchungulia. Mimi namimina chai huku nacheka kimoyomoyo, maana wali wa nani uliiva ukifunuliwa kila dakika? Lakini nani aniulize mimi?

Na nilitaka kuulizwa. Nilitaka kuwa fundi. Kukunja bati na kupiga ribiti nilishajua kwa kuangalia tu, na mara mbili nilimwomba mwenyekiti aniandike mwanachama. Mara zote alinijibu kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma: "Dada, chai yako ndiyo inayotuendesha hapa."

Ijumaa moja mchana niliisugua sufuria ya jiko lao ikang'aa, nikaiweka juani. Kando yake nikaacha birika la chai, limejaa masizi ya kuni, kwa uvivu wangu tu. Niliporudi kulichukua likaniunguza vidole. Yallah! Nikaigusa sufuria: vuguvugu tu. Nikasimama pale nanyonya vidole, na aibu ikanipanda taratibu. Ule mng'aro wangu ulikuwa unalirudisha jua lilikotoka. Wiki mbili mafundi wanalaumu kioo, kumbe mharibifu ni mimi na majivu yangu.

Ningeweza kunyamaza. Nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia yote.

"Sufuria chafu?" akasema. "Kesho wanakuja wageni wa wilaya, wakiridhika tunapata mgao wa bati. Unataka waone uchafu?"

"Niachie sanduku kesho," nikamjibu. "Maharage yakiiva, uniandike fundi. Yasipoiva, sitakuomba tena maisha yangu yote."

Mafundi wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Akasema, "Haya."

Sasa sufuria yenye masizi naitoa wapi? Zangu zote zilikuwa vioo. Nikamwendea mama mmoja aliyewapikia wapagazi wa sokoni kwa kuni, sufuria yake nyeusi tii. Nilikuwa nimemsengenya kwa sufuria hiyohiyo, Mungu anisamehe. Alinisikiliza, kisha akashika kiuno.

"Sufuria yangu haiendi kuchekwa peke yake," akasema. "Tunaenda wote. Na wewe ukiandikwa, na mimi niandikwe."

Maharage aliyaloweka mwenyewe usiku kucha. Asubuhi nikajitwika sufuria, tukapita katikati ya Kariakoo. Aa, nilichekwa! Muuza nazi mmoja akanipigia kelele, "Mama, majivu yameisha mjini?" Mwenzangu akamjibu, "Njoo adhuhuri ule, ndipo ucheke!" Nikatembea shingo imenyooka, lakini moyoni nilikuwa nasikia sauti ya mama yangu.

Tukaiingiza sufuria sandukuni, tukaufunika mwanya wa kioo kwa kitambaa. Nikaketi kando na mwiko mkononi. "Atakayefunua nampa wa mgongo," nikatangaza. Fundi mkubwa kabisa alijaribu, akaupata. Saa nne likapita wingu, nikainuka kulitazama. Mwenzangu alikuwa anasuka ukili, hata hakuinua macho. "Maharage hayana haraka," akasema, "haraka unayo wewe." Kila kivuli kilipotusogelea tuliligeuza sanduku tukalifuata jua.

Wageni walifika baada ya adhuhuri. Mwenyekiti akafunua kioo, kisha mfuniko. Mvuke ukampiga usoni na harufu ikatapakaa karakana nzima. Mgeni mmoja akachukua punje, akaibana kwa vidole viwili, ikapondeka kama ndizi mbivu. Nililia. Sioni haya kusema, nililia mbele ya mafundi wote.

Wageni walikula wakaondoka wakisifu. Mwenyekiti akafungua kitabu cha wanachama, akaniandika, na nilipomtaja mwenzangu akamwandika naye, na fundi yule wa mwiko akanikabidhi nyundo yake. Watu wakarudi kazini. Mwenyekiti akajitupa kwenye kiti, akajifuta jasho, akasema kwa mazoea yake, bila ubaya wowote:

"Haya dada, na chai sasa."

Nilikuwa nimeshaliweka bati la kwanza juu ya fuawe.

"Birika lile pale, Ndugu Mwenyekiti," nikamwambia. "Ila usilisugue."