Masa Haiumuki kwa Kukimbia

Mimi kazi yangu kuoka mikate, na shule niliishia darasa la pili. Nalo sikulimaliza, nilitolewa nikafukuze ngedere kwenye mihogo ya mama. Ngedere wa siku zile hawakuwa na adabu hata kidogo, lakini hayo tuyaache. Nasema mapema ili mtu asidhani najigamba nikisimulia habari za fizika.

Mjukuu wangu wa kike anasomea ualimu Pemba, hii yetu ya Msumbiji. Likizo ile alirudi hapa Quiterajo na uso mzito. Mtihani wa fizika ulimshinda, kabakiwa na wa kurudia, rekorensia wanauita, tena wa kusimama na kueleza kwa mdomo. Ukimshinda na huo, mwaka wote umekwenda bure.

Basi akawa ananisomea mimi huku nakanda. Akasema watu wa zamani walijua hivi: ukisukuma kitu mara mbili ya jana, nao mwendo unaongezeka mara mbili. Nikamwambia hilo hata anayesukuma gari bovu analijua. Akasema sawa, ila kitu kikikaribia mwendo wa mwanga hesabu hiyo inaharibika. Unasukuma weee, mwendo unaongezeka kidogo tu, na mwanga wenyewe hukifikishi abadani. Nikamwuliza kwa nini. Akasema kwa sababu masa inazidi.

Hapo nikaacha kukanda. Masa kwetu ni unga uliokandwa, neno la Kireno tumelizoea mpaka tumesahau si letu.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana mjukuu wa mume wangu ndivyo ninavyomtania, "masa haiumuki kwa kukimbia. Inaumuka ikitulia. Beseni hili nikimbie nalo mpaka Mucojo, masa ni ileile."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba masa yake ni nyingine, ni ule ukaidi wa kitu kisipotaka kusukumika. Halafu kicheko kikakatika. Akatoa karatasi ya mtihani uliomshinda, na alama nyekundu ya mwalimu ilikuwa palepale alipoandika masa inazidi. Siku zote alidhani mwalimu kamwonea.

Akaketi juu ya gunia la unga, akaandika upya. Masa inabaki ileile. Kinachozidi ni kitu wanakiita momento: masa mara mwendo, halafu mara herufi moja ya Kigiriki iliyojipinda kama uzi wenye kitanzi. Mwendo ukiwa mdogo, herufi hiyo ni moja tu, haina inachoongeza. Ukikaribia mwanga, inapanda haina mwisho.

"Kwa hiyo nguvu ya msukumaji haipotei, bibi," akasema polepole. "Inaingia kwenye momento."

Nikamwuliza kama hesabu ya wale wa zamani ndiyo imetupwa. Akasema hapana, imo ndani ya hii mpya, na kwa baiskeli zetu bado inatosha. Hilo lilinipendeza, sijui kwa nini. Mikate ya siku ile ilichelewa, wateja wakanisema.

Wiki ya pili akapiga simu. Mwalimu alimwuliza lilelile, masa inazidi? Akajibu hapana, akaandika ubaoni bila kuangalia popote. Amepita. Nikauliza kwa alama ngapi, akasema za kutosha.

Majirani nimewaambia nyingi.