Nilivyoenda Wamaza nikaishia kudai ushangiliaji wetu wa bidoni

Wakuu, nabisha hodi. Mimi Papa Riziki wa Kasongo, Maniema, Kongo. Nyuzi zenu nazisoma kila siku ila sichangii, sababu naandika kwa kidole kimoja na miwani yangu iko na mkono mmoja. Lakini juzi kuna mtu humu aliuliza kama mashabiki wa mpira wanaigana. Nikasema hapa leo sinyamazi.

Nitakayosema yametokea. Mke wangu amekaa pembeni, nikiongeza chumvi atanikatiza. Amekwisha kunikatiza mara mbili na bado sijaanza.

Kwanza mnijue. Shule niliishia mwaka wa tatu. Nilianza maisha na bidoni moja, lile dumu la lita ishirini, nanunua mawese vijijini, naifunga kwenye baiskeli ya kuazima, nasukuma mpaka soko la Kasongo. Leo niko na mashine ya kukoboa mpunga na nyumba ya bati. Wenye diploma wanapanga foleni kwangu na magunia yao, wananiita Muzee. Sijisifu, naeleza tu.

Ile bidoni sikuitupa. Niliipaka rangi nyekundu, nikaifanya kiti changu cha uwanjani. Uwanja wetu hauna viti, kila mtu anakuja na chake, na wengi wanakalia bidoni. Lakini nyekundu ni moja tu. Ukiiona, ujue Papa Riziki amefika na mpira unaweza kuanza.

Sasa ushangiliaji wetu wenyewe.

Timu ngeni ikipata kona, wote tunasimama. Tunavua kandambili ya kushoto. Tunapiga nayo bidoni mara tatu: pa, pa, pa! Halafu uwanja mzima unaganda. Hakuna anayekohoa. Hata watoto wachanga sijui wanajuaje, wananyamaza. Halafu wote tunainama pamoja, tunasugua mguu wa kushoto toka kifundo mpaka gotini, na sauti moja ndefu: uwiiiii!

Mpiga kona hapo anachanganyikiwa. Nimeona mmoja akipiga nyasi, mpira ukabaki pale pale unamtazama.

Aliyeanzisha jambo hilo ni mimi. Ndiyo sababu nilichaguliwa prezida wa mashabiki, na hakuna aliyethubutu kushindana nami.

Vijana wakiuliza maana yake, nilikuwa nawaeleza hivi: mapigo matatu ni ya babu zetu watatu walioanzisha mtaa. Ukimya ni heshima kwao. Kusugua mguu ni kuvuta nguvu ya ardhi. Walikuwa wanaitikia kwa kichwa. Mmoja aliandika kwenye daftari.

Hayo maelezo yashikeni, tutayarudia.

Mwaka jana timu yetu ikaalikwa Wamaza, kule Kabambare. Ni mbali, barabara yenyewe ni mashimo yaliyoshikana mikono. Tulikwenda kwa pikipiki, mimi, mke wangu na bidoni tumebanana juu ya moja. Mke wangu Mama Riziki si mtu wa mpira. Alikuja sababu dada yake ameolewa Wamaza. Tulilala kwa shemeji, kesho yake mechi.

Dakika za mwanzo hakuna kitu, mpira unakimbia, watu wanaufuata. Kisha sisi tukapata kona.

Wakuu, nikaona watu wa Wamaza wanasimama.

Wanavua kandambili ya kushoto.

Pa, pa, pa!

Kimya.

Wakainama wote, mamia ya watu, wakasugua mguu wa kushoto mpaka gotini. Uwiiiii!

Mchezaji wetu, ambaye amezoea hiyo kitu kuwa yetu, alisimama na kutupungia mkono. Alifikiri ni sisi. Akapiga kona ikaenda kwenye shamba la mihogo.

Nilihisi kama nimerudi nyumbani nikakuta mtu amekaa mezani amevaa suruali yangu.

Mapumziko yalipofika nilibeba bidoni yangu nikakata katikati ya uwanja. Upande wa pili akatokea prezida wao, Papa Ramazani, muzee mrefu wa kofia ya kufumwa, naye mkononi bidoni yake. Ya buluu! Hata kupaka rangi wameiba.

"Papa Ramazani," nikamwambia, "mumeiba."

"Tumeiba nini, ndugu yangu? Kona ilikuwa yenu, tumewaachia."

"Bidoni! Kandambili! Muguu! Vyote ni vya Kasongo!"

Akacheka mpaka kofia ikahama. "Hii tumeikuta kwa baba zetu. Tulikuwa tunafukuza ndege kwenye mupunga kwa bidoni, nyinyi bado munapiga makofi. Ni nyinyi mulikuja hapa na magunia, mukaona, mukabeba."

Watu wake wakapiga kelele, wangu wakapiga kelele. Hapo ndipo Papa Ramazani akasema neno la kunitega.

"Basi tuamue hapa hapa. Mwenye kushindwa, watu wake wote washangilie timu ya mwenzake mupaka filimbi ya mwisho. Na bidoni yake aiache."

Nikaitazama bidoni yangu. Wakuu, ile bidoni ilinilisha kabla sijawa na kitu. Kovu la begani kwangu ni la kamba yake. Na mashabiki wangu wote walikuwa wananitazama mimi.

Nikasema, "Nakubali."

Kuamua ugomvi wetu tukamwita Mama Zaina. Huyu ni mama wa Nyangwe anayezungusha samaki wa kukausha kwenye masoko yote, Kasongo wanamjua, Wamaza wanamjua. Alikuwa pale na kapu lake. Tukamuuliza kama ana upande.

"Upande gani? Timu zenu zote mbili ni mbovu."

Basi akakaa juu ya kapu, akatoa sheria yake.

"Mwenye kitu anajua kila kipande chake kwa nini kiko pale. Mwizi anajua umbo tu. Papa Ramazani, anza. Kwa nini kandambili?"

"Tunavua kiatu kwa heshima ya uwanja."

"Kwa nini tatu?"

"Moja golikipa, moja mabeki, moja washambuliaji."

"Kwa nini kimya?"

"Ili mupinzani asikie moyo wake mwenyewe."

Wakuu, hiyo ilinigusa hata mimi. Ni mwongo, lakini mwongo mzuri, kunizidi.

"Na muguu? Tena kwa nini wa kushoto peke yake?"

Papa Ramazani akaweka mkono kifuani. "Sababu moyo iko kushoto, Mama. Tunaamusha damu iende kwenye moyo."

Wamaza wakalipuka. Kuna mama alilia. Hata mashabiki wangu wawili watatu niliwaona wanapiga makofi, na majina yao ninayo.

Mama Zaina akanigeukia. "Papa Riziki?"

Nikaanza na babu zangu watatu. Akanikatiza.

"Majina yao?"

Wa kwanza nilimtaja. Wa pili nikamtaja. Wa tatu nikarudia jina la wa kwanza. Wamaza wakaanza kuzomea.

Hapo nikasikia kitu kinanifinya ubavuni. Ni mke wangu. Hakuwa hata ameinua sauti.

"Papa Riziki, sema."

"Niseme nini?"

"Unajua. Sema, ao niseme mimi?"

Waliokuwa karibu wakasikia, wakawanyamazisha wengine. Mama Zaina akasogeza kapu karibu.

Wakuu, sasa nawaambia kitu ambacho kwa miaka yote tulijua watu wawili tu chini ya jua, mimi na huyu mwanamke.

Ni siafu.

Siku ya kwanza ile, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nilikaa pembeni ya uwanja juu ya bidoni, miguu kwenye nyasi. Wapinzani wakapata kona, mbele yangu kabisa. Na siafu wakati ule ule wakapata suruali yangu.

Kwa nini kandambili ya kushoto? Sababu ndiyo niliyokanyagia njia yao. Nilivua niwakung'ute kwenye bidoni.

Kwa nini mara tatu? Sababu mara mbili hawakudondoka wote.

Kwa nini kimya? Aliyewahi kuingiliwa na siafu anajua. Unaganda. Hupumui. Unasikiliza ni wapi mwingine amebaki.

Kwa nini kusugua toka kifundo mpaka gotini? Ndiyo njia aliyopita.

Na uwiiiii, nadhani sina haja ya kueleza.

Mpiga kona wa siku ile alinitazama mimi badala ya mpira, akapiga nje. Watu wakashangilia. Kona ya pili nilikuwa bado nahangaika na wa gotini, nikarudia yote, na nikasikia nyuma yangu bidoni kumi zinalia. Kona ya tatu, uwanja mzima. Wakaja kunibeba mabegani. Wewe ungesema nini? Ungewaambia hapana, nishusheni, ni wadudu?

Nilikaa juu ya mabega, siafu mmoja bado yuko pale nyuma ya goti, nikawapungia mkono.

Jioni Mama Riziki alinipaka mawese mguu mzima, anacheka mpaka anamwaga.

Hayo yote niliyasema pale Wamaza, katikati ya uwanja, mbele ya watu wangu na watu wao. Nilipomaliza kulikuwa kimya kuliko kimya chetu cha kona. Nilifikiri nimekwisha. Prezida gani amechaguliwa na siafu?

Papa Ramazani alikuwa ananitazama. Polepole akaangalia mguu wake wa kushoto.

"Mama Zaina," akasema, "mutu hawezi kutunga uongo wa kujiaibisha namna hii. Bidoni ni yake."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo sisi wote tunajikuna siafu za Papa Riziki?"

"Ndiyo," akajibu Mama Zaina. "Miaka yote."

Ikajulikana baadaye kwamba mtu wao mmoja wa pikipiki aliona Kasongo, akapeleka kwao kama kitu kipya, na baada ya misimu miwili kikawa cha baba zao.

Nilishinda, wakuu. Bidoni yangu nikaishika. Ya buluu nilimwachia, sikuwa na nafasi kwenye pikipiki.

Lakini neno ni neno. Kipindi cha pili Wamaza wote wakaanza kushangilia timu yetu. Fikiria, uwanja mzima wa ugenini unaimba Kasongo!

Shida ilikuja kona ya kwanza ya Wamaza. Watu wao na watu wangu wakasimama pamoja, wakavua, pa pa pa, wakaganda. Lakini sasa walikuwa wanajua. Kile kimya kikaanza kutetemeka. Kuna mtu akapiga chafya ya kicheko. Wakainama kusugua, wengine wanaruka ruka, wengine wanakunja suruali, mmoja anapiga kelele, "Amepanda! Amepanda juu!"

Golikipa wetu aligeuka kuangalia. Akashika tumbo kwa kucheka.

Mpira ulimpita sikioni. Goli.

Na hapo, wakuu, ndipo niliwaonea huruma watu wa Wamaza. Timu yao imefunga na wao wameapa kutushangilia sisi. Hakuna aliyeruka. Walijiziba midomo. Papa Ramazani aliingiza kofia yake yote mdomoni, machozi yanamtoka. Muda wote uliobaki waliimba Kasongo, Kasongo, kwa sauti za watu waliobeba maji ya moto mdomoni.

Refa alipopuliza filimbi ya mwisho, ile kelele ilifukuza mbuzi wote wa Wamaza.

Tulifungwa moja bila, na uwanja mzima ulikuwa wetu.

Tuliporudi Kasongo, habari zilikuwa zimetangulia na pikipiki zenye mbio kuliko yangu. Nilikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa mashabiki, nikaweka bidoni nyekundu mbele yao, nikasema chagueni mwingine. Wakatazamana. Halafu nyuma kabisa mwanamke mmoja akapaza sauti: "Sema, ao niseme mimi?"

Na wote: pa, pa, pa!

Niko bado prezida. Wananiita Papa Siafu, na sasa kila kona inaanza na sauti ya mwanamke, ndiyo imekuwa kipande cha kwanza. Mke wangu anasema ni yeye alianzisha. Hapo siwezi kubisha.

Mwezi uliopita tulikwenda Nyangwe. Uwanja uko karibu na mto, mchanga mtupu, siafu hata kwa dawa humpati. Tukapata kona. Mwanamke wa kule akaita, bidoni zikalia, wakaganda, wakasugua, uwiiiii.

Kulikuwa na mvuvi kijana amesimama karibu nami. Nikamuuliza, hii yenu ina maana gani?

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Muzee, hii ni ya zamani sana. Mababu zetu walipiga mutumbwi mara tatu kabla ya kuvuka. Watu wa Kasongo wameiga kwetu."

Nikafungua mdomo. Nikamwona Mama Riziki ananitazama.

Nikafunga mdomo, nikavua kandambili.

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mashabiki wanaigana, ndiyo, asiwadanganye mtu. Wanaiga hata pale pasipo na sababu, na sababu wanaitunga njiani, na ya kutunga inakuwa tamu kuliko ya kweli. Hata wale wa kwenye televisheni wanaosimama na kukaa kama wimbi, mimi nikiwaona najiuliza yule wa kwanza kabisa alikalia nini.

Haya, zamu yenu. Kwenu uwanjani mnafanya nini, na nani alianza? Msiniletee babu watatu, hao nimewatumia mimi. Semeni kweli, ao wake zenu waseme.