Barua ya Balozi

Nareyu wa Soitsambu, upande wa Tanzania, alikuwa fundi wa shanga. Mwaka 1985 duka moja la Narok, upande wa Kenya, lilikubali kununua mikufu yake, ila likasema litalipa kwa hundi tu. Basi akaenda benki kufungua akaunti.

"Mama, wewe ni mgeni," karani alimwambia. "Leta barua inayoonyesha unakaa wapi, na kodi unalipa nchi gani."

Swali gani hilo! Vumbi la anakokaa lilikuwa limejaa kwenye shuka lake, mtu atazame mwenyewe. Hata hivyo alirudi nyumbani, siku tatu za miguu na malori, akamkuta Meitamei akiwatoa ndama kupe. Meitamei alikuwa balozi wa nyumba kumi, kazi yake kujua nani kalala wapi katika nyumba kumi za jirani. Akaandika: "Huyu anakaa kwangu na kodi kalipa. Asisumbuliwe. Balozi."

Narok wanamjua balozi mmoja tu, yule wa gari lenye bendera. Karani alisoma, akasimama. Meneja akaja akifunga vifungo vya koti.

"Mheshimiwa ana nyumba huko kwenu?"

"Anazo kumi," alisema Nareyu, ambaye hakuzoea kusema uongo.

Akaunti ikafunguliwa kabla chai yake haijapoa. Meneja akamsindikiza mpaka mlangoni. "Mwambie Mheshimiwa tunamkaribisha naye afungue akaunti hapa."

Nareyu alifikiri kidogo.

"Haitawezekana," alisema. "Barua ya balozi ataipata wapi?"