Tablo Yenye Nailoni

Nyumba yangu niliijenga na jasho, toka kubeba mihogo ya Bunyakiri mpaka kuuza mbao. Shule niliiacha darasa la pili. Mimi sioni aibu. Aibu aliiona binti yangu, anayefanya kazi ya ofisi.

"Papa, wakwe wanakuja. Ile kalenda iko bado mu saloni?"

"Kalenda imekukosea nini?"

"Bale batu balisoma, papa. Kwabo kuko tablo."

Nikaenda kutafuta tablo, picha ya kuchorwa ya kutundika ukutani, mutoto asinionee haya. Muuzaji akaniuliza: "Muzee, unataka Yezu ao ziwa?"

"Nataka ile ya wasomi."

Akanitolea moja yenye fremu nyeusi: rangi nyekundu tupu, na mustari umeikata kati. "Hii ni kopi, muzee. Yenyewe iko Ulaya."

"Haina neno. Hata Bikira wa parokia si yeye mwenyewe."

Na kusema kweli niliipenda. Nyekundu ile ilikuwa ya matofali ya nyumba yangu yakitoka motoni.

Niliitundika juu, karibu na plafo, dari yenyewe, imeinama kidogo mbele, kama tunavyotundika picha za wazazi. Nailoni yake ya dukani sikuitoa. Kitu kipya ukikivua mapema vumbi linakila. Hata viti vyangu viko na nailoni, na wageni wanakalia.

Wakwe walipofika, baba wa kijana, mwalimu wa chuo kikuu, aliinua shingo akaitazama sana. "Papa, hii mulinunua wapi?"

Nikafungua kinywa. Binti akaniwahi: "Ni batu balimupatiaka tu. Papa hajue mambo ya tablo."

Wakacheka kidogo, kwa heshima. Nikawaongezea chai. Kwetu mzazi hamgeuzi binti yake mwongo mbele ya wakwe.

Walipoondoka nikamuuliza: "Nani alinipatia?"

"Papa, uliiacha na nailoni." Alikuwa anakusanya vikombe, hakunitazama. "Siku ya mahari tutafanyia kwa tonton, kule Nguba. Kwake kuko nafasi."

Huyo tonton ni mudogo wangu. Masomo yake yalitoka katika mbao zangu.

Siku ya mahari nilivaa koti nikaenda. Mudogo wangu akanipokea mulangoni, akanionyesha pa kukaa, mimi baba wa binti. Nikatazama saloni yake, pande zote. Ukutani hamna kitu. Hata kalenda.

Tablo yangu ingali juu. Nailoni sitoi.