Kioo Kilichotafutwa Kliniki Nzima

Ko! Mlio ule bado ninausikia.

Ninafanya usafi kwenye kliniki ya ngozi, Sombetini. Tuna kioo kimoja tu kidogo cha kukuzia, chenye taa, cha kukagulia ngozi. Asubuhi ile nilikichukua nikacheza udaktari, nikajikagua madoa ya mkononi, kisha nikakisahau kwenye mfuko wa kifuani.

Akaja babu kutoka Ngaramtoni, ana doa jeusi unyayoni. Kioo tukakitafuta kila mahali, mimi nikiongoza msako.

“Babu, itabidi urudi wiki ijayo,” daktari akasema.

“Na mguu huu?”

Kwa huruma nikamwinamia anishike utosi, kama tunavyoagana na wazee kwetu. Kioo kikadondoka sakafuni, kizima.

“Kumbe daktari ni wewe,” babu akasema, akaninyooshea unyayo.

Jioni, peke yangu, nilikifunga kioo kwa kamba kwenye mguu wa meza ya daktari, kama mbuzi.