Pikipiki ya Matairi Manne Iliyoshuka Mlima wa Rugu

Watu wa kwetu waliposikia nimerudi Nyabiyonza na stashahada ya ufundi mitambo, walisema karatasi ile itanifaa kufunikia mtungi. Walisema hakuna fundi atakayeishi kwa kutengeneza pikipiki za mbio mahali ambapo kila mwenye pikipiki anabebea ndizi. Mjomba wangu Rwezaura, kaka wa mama, hakusema pembeni. Alinitazama usoni akaniambia, "Mwanangu, huko Afrika Kusini mlikuwa mnacheza kwenye mchanga. Huku ni mawe. Utashindwa kabla kahawa haijaiva." Leo nimestaafu, na wengi wa waliocheka hunitumia wajukuu wao niwafundishe kazi. Basi na ninyi vijana sikilizeni kazi ilivyokuwa.

Siku yangu ya kwanza kazini huku nyumbani ilikuwa Murongo, kwenye gereji iliyohudumia bodaboda wa mpakani. Fundi Mkuu alinipa vipande vya mpira wa tairi na kuniamuru nizifunge shokapu za pikipiki moja ili ziwe ngumu, zibebe mikungu minane bila kuinama. Shokapu ina vitu viwili: springi inayobeba uzito, na mafuta yanayoizuia springi isirudi kwa kishindo. Ukiifunga mpira, umeigeuza gogo. Nilimweleza Fundi Mkuu kwamba gogo halivunji pikipiki, linavunja mgongo wa mwenye pikipiki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma," akasema. "Sasa funga mpira."

Nilifunga. Lakini nilijua sitazeekea pale.

Nilifungua gereji yangu Nyabiyonza kwa vyombo vya watu. Mjomba, pamoja na maneno yake yote, aliniazima mashine ya kuchomelea. Mama Regina, mjane aliyekuwa na mashine ya kusaga, aliniazima jenereta iliyoizungusha mashine hiyo, akafunga kibanda chake. Majirani wengine walileta jeki, msumeno, vaisi ya kubania vyuma. Huku kwetu mtu akikuazima chombo haandiki popote. Unakichukua mbele ya watu, na watu ndio hati.

Ndipo akaja Mkurugenzi wa kampuni ya kutembeza wageni. Alikuwa na pikipiki mbili za matairi manne, zile nyepesi za mbio, na alitaka wageni wake washuke nazo kutoka kilele cha mlima wa Rugu mpaka barabarani. Mafundi wawili walikuwa wamejaribu kabla yangu, na wote wawili walikaza shokapu kama za bodaboda. Pikipiki iliruka kwenye mawe kama mbuzi, ikapinduka, na Muongozaji wa wageni akavunjika mfupa wa bega.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema nitengeneze moja. Ikishuka salama, kazi ya kampuni nzima ni yangu. Ikivunjika, atachukua kila chombo kilichomo gerejini kufidia. Nikamwambia vyombo si vyangu. Akajibu kwamba basi nikawaulize wenyewe.

Niliwaita wote, nikawaeleza bila kuficha. Mjomba akawa anatafuna buni za kahawa alizokuwa nazo mfukoni. Mama Regina ndiye aliyejibu. "Ukivunjika wewe, sisi tutasaga kwa mawe. Nenda."

Nilifanya kazi ile kama nilivyofundishwa, na niliifanya vizuri kuliko walionifundisha. Mbele niliondoa mikono mifupi inayoshika magurudumu nikachomelea mirefu zaidi, ili pikipiki ipanuke isipinduke. Nikaweka shokapu zenye kichupa cha gesi pembeni, ambazo hazichoki upesi zinapopata moto. Kisha nikapima kuzama: unakaa kitini, shokapu inashuka kiasi, na kiasi hicho kikikaribia theluthi ya mwendo wake wote, gurudumu lina nafasi ya kufuata shimo na nafasi ya kupanda jiwe. Chini ya injini nilifunga ngao ya bamba la aluminiamu, na nyuma ngao nyingine ya kulinda mnyororo na diski ya breki. Ngao ya injini niliitoboa matundu makubwa ili tope lidondoke.

Fundi Mkuu alipita kuiona. Aliikandamiza kwa mikono miwili, ikanesa. "Laini kama godoro," akasema. "Itagonga tumbo kwenye jiwe la kwanza."

"Ndiyo maana nimeivalisha ngao, Fundi."

Waliokuwapo walicheka, hata yeye alicheka. Lakini sikulala vizuri.

Siku ya kujaribu, Mkurugenzi alileta lori mpaka chini ya mlima na kuvipakia vyombo vyote tayari, ili asipoteze muda. Jenereta ya Mama Regina ilikuwa juu kabisa, imefungwa kamba. Mama Regina mwenyewe alisimama kando, mkono mmoja juu ya ubavu wa lori. Muongozaji, bega lake likiwa bado limefungwa, alikataa hata kuigusa pikipiki. Mkurugenzi akasema aliyetengeneza ndiye ashuke. Nikapanda nayo kileleni kwa njia ya nyuma ya mlima.

Kipande cha kwanza kilikuwa mawe madogo, na pikipiki ilitambaa kama maji. Nilihisi magurudumu yakifanya kazi kila moja peke yake, mimi juu nimetulia. Nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Halafu njia ikaingia katika kibanja cha mzee mmoja, shamba lake la migomba, ambako ardhi imefunikwa nyasi kavu kama mnavyojua. Kule nilikosomea hakuna anayetandika nyasi shambani. Nilikuwa sijatoka kibanjani niliposikia harufu ya moshi.

Nilizima injini, nikalala chini. Nyasi zilikuwa zimeingia kupitia matundu ya ngao, zimejazana hadi kwenye bomba la moshi, na zilikuwa zinafuka. Juu kidogo ya pale pana mpira wa petroli. Nilizivuta kwa vidole, zikaniunguza, nikavuta tena. Mwenye kibanja akaja mbio na ndoo ya maji.

"Usimwage, mzee," nikamwambia. "Chuma cha moto kikipigwa maji baridi kinapasuka. Nipe panga."

"Panga la nini?"

"Nikate mgomba wako."

Alinitazama kama mwizi, kisha akanikabidhi panga. Mgomba uliokwisha zaa ulikuwa pale pembeni. Nilibandua maganda ya shina lake, yale yanayojaa maji, nikayakandamiza juu ya makaa ya nyasi mpaka yakanyamaza. Vipande vingine nilivikata vinene, nikavipigilia kwenye kila tundu la ngao mpaka havikutikisika. Mzee alichungulia chini, akasema, "Waitu, umeiziba kama mtungi wa pombe ya rubisi." Nikawasha injini.

Chini ya kibanja ndipo palipo jiwe kubwa lililomvunja Muongozaji. Huwezi kulizunguka. Nililiendea polepole, mbele ikapanda, ikashuka, shokapu zikazama mpaka mwisho, na ngao ikagonga jiwe kwa sauti iliyosikika mpaka lorini. Hapo kila mtu alidhani nimekwisha. Lakini ngao iliteleza juu ya jiwe badala ya kunasa, nyuma ikafuata, na shokapu zikanyanyuka taratibu bila kunirusha. Nilifika barabarani nimekaa.

Mkurugenzi aliinama chini ya pikipiki. Akachomoa kipande cha mgomba, akakigeuza mkononi.

"Hiki ni kipuri cha wapi?"

"Karagwe."

Akawaamuru vijana washushe vyombo.

Nilifanya kazi katika kampuni yake mpaka kustaafu, kwanza kama fundi, mwishoni kama Msimamizi wa Mitambo wa njia zote za Karagwe na Kyerwa. Ngao zote nilizotengeneza baadaye zilizibwa mbele na kuachwa wazi nyuma, ili tope litoke na nyasi zisiingie. Mabosi watano walinipitia, na hakuna aliyenifundisha kitu ambacho sikukijua.

Lakini mkiniuliza siku kubwa kuliko zote, si ile ya mlimani. Ni siku niliponunua vyombo vyangu na kurudisha vya watu, nyumba kwa nyumba, mbele za watu kama nilivyovichukua. Mjomba alipokea mashine yake, akanipa buni za kutafuna, akaniambia kahawa iliiva zamani. Wa mwisho alikuwa Mama Regina. Tuliifunga jenereta mahali pake, akaiwasha, akainamisha kichwa kuisikiliza.

"Umeifanyia sevisi."

"Nimeifanyia, mama."

Akafungua mlango wa kibanda na kuwaita wanawake waliokuwa wakipita na mahindi kichwani. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, sidaiwi hata nati, na barabara ile sijawahi kuitembea kwa maringo kama siku hiyo.